Tumepewa proforma ya boti mpya ya faiba, muuzaji hashuki bei. Tubanane naye vipi?

SWALI: Fundi shikamoo. Sisi ni kikundi cha vijana tisa huku Kilwa Kivinje, tunavua nguru na jodari kwa mshipi na mpaka sasa tunatumia mashua ya mbao yenye mashine ya hp 15. Tumepata mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato yake, tukajumlisha na akiba yetu, sasa tunataka boti mpya ya faiba mita 8.5 na mashine ya hp 40 tustroki. Muuzaji wa Dar katupa proforma (hati ya bei kabla ya kununua) ya mstari mmoja tu, "boti kamili na mashine, sh 31,500,000", anasema tukilipa yote wiki hii anatoa laki tano. Tumemuomba ashuke zaidi kakataa katakata. Tufanyeje? Na tukishanunua tuilete kwa lori au tuje nayo kwa bahari?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongereni sana maana najua mkopo wa kikundi unavyozungusha watu mpaka utoke. Mimi kazi yangu ni kufunga na kutengeneza mashine za boti, ila kabla ya hapo nilikaa miaka kadhaa kaunta ya mauzo, kwaiyo nakujibu kama mtu aliyewahi kukaa upande ule wa meza.

Hiyo laki tano iwekeni pembeni kwanza. Nyie mnabishania namba ya mwisho, na hapo ndo muuzaji anapotaka mbishanie, kwasababu yeye anajua ndani ya ile milioni 31 na nusu kuna nini na nyie hamjui. "Boti kamili" ni neno tu. Mi nimeshaona boti kamili isiyo na tangi la mafuta, mteja kaja kuchukua chombo chake kaambiwa tangi na hozi vinauzwa dukani hapo mbele. Kesho mpigie simu kwa upole kabisa, mwambie kikundi kinahitaji proforma iliyochambuliwa, boti peke yake, mashine peke yake, vifaa kimoja kimoja, kufunga, na usafiri. Akigoma kuchambua basi hapo hapo tafuteni mwingine, na hata asipogoma bado tafuteni proforma ya pili kwa muuzaji mwingine mkiwa na maelezo yale yale, urefu ule ule, mashine ile ile, la sivyo mtalinganisha embe na nazi.

Ikishachambuliwa mtaona kitu. Kwenye mashine mpya muuzaji hana nafasi kubwa, bei yake inajulikana mji mzima na yeye mwenyewe anaichukua kwa bei ya juu, kwaiyo mkimbana hapo atatoa kidogo halafu atakasirika. Nafasi ipo kwenye boti yenyewe na kwenye vifaa. Sisi tulikuwa tukibanwa sana kwenye fedha tunaona afadhali tutoe kitu kuliko tukate hela, maana kitu tunakinunua kwa bei ya jumla na nyie mngekinunua kwa rejareja. Kwaiyo badala ya kusema "tupunguzie milioni", sema "bei yako tumeisikia, sasa tuwekee propela ya pili, impela mbili za pampu ya maji, plagi seti mbili, pini za propela, oili ya kuanzia ya kuchanganya na petroli, na maboya ya kuvaa ya watu wote tisa". Hivyo vyote mtavinunua tu ndani ya mwaka mkipenda msipende, na kwa Kilwa kupata impela halisi siku mashine imechemka si jambo dogo.

Kodi pia msiipite juujuu. Muulizeni kama VAT imo ndani na ameitoza kwenye nini. Boti ya uvuvi kwenye orodha ya forodha ni namba 8902, boti ya starehe ni 8903, na zile za uvuvi ziliwekwa kwenye msamaha wa VAT katika sheria ya 2014. Orodha hiyo huguswa guswa kila bajeti ya Juni kwaiyo kabla ya kwenda kumbana piteni ofisi ya TRA na proforma mkononi, muulize na mashine inaingia wapi. Tuseme boti peke yake kaandika milioni 17 na VAT ya asilimia 18 imo ndani, hapo kodi tu ni karibu milioni 2.6. Hawezi kuwarudishia yote, resini (ile gundi ya faiba) na mati (vitambaa vya nyuzi za faiba) alivyonunua na yeye kavilipia kodi, ila ni mazungumzo makubwa kuliko laki tano. Na kama proforma yenyewe iko kwa dola mwambieni aandike shilingi, toka Machi 2025 bei za ndani ya nchi zinatakiwa kuwa za shilingi.

Sasa nije kwenye kitu ambacho nawaomba sana mkishike hata kama mengine yote yatawashinda. Msilipe yote kabla boti haijaingia majini na mzigo wenu. Hata kwa laki tano, hata akisema bei inapanda Jumatatu. Nilipokuwa nauza, mteja aliyeshalipa yote tulimpenda lakini simu yake tulikuwa hatuipokei haraka, ule ndo ukweli. Mteja ambaye bado ana milioni kadhaa mkononi ndo fundi anaamshwa asubuhi kwa ajili yake. Pendekezeni asilimia 40 ya kuanzia, 30 boti ikishatoka kwenye moldi, yaani umbo inalomwagiwa, na mashine mmeiona kwa macho, na 30 ya mwisho siku ya majaribio baharini. Atasema haiwezekani. Shukeni, lakini msishuke chini ya asilimia 20 ibaki mpaka majaribio. Na hapo mna silaha nzuri sana ambayo wanunuzi wa mmoja mmoja hawana, nyie ni kikundi, msemaji wenu anaweza kusema "mimi siamui, lazima nirudi kwa wenzangu na kwa afisa maendeleo ya jamii", akanyanyuka, akaondoka bila ugomvi. Muuzaji hawezi kugombana na watu wasiokuwepo mezani. Tarehe ya kuanza marejesho ya mkopo msimwambie hata siku moja, akijua mnawahi atakaa kimya asubiri.

Mkienda yadi nendeni wawili, msemaji na mmoja anayejua vyombo, yule wa pili asiongee bei kabisa, yeye akague tu. Muulizeni tumbo la boti lina tabaka ngapi, mati ya gramu ngapi (mara nyingi utasikia 300 au 450) na ile ya kufumwa ya 600 zipo ngapi, halafu aandike kwenye proforma. Akishaandika hawezi kukana tena. Kuna kitu kimoja kidogo nilifundishwa na mzee mmoja fundi faiba na sijawahi kukiacha, pale wanapotoboa tundu la kutolea maji nyuma ya boti, drili ya duara inatoa kisahani kidogo cha faiba, kinaanguka chini na kinafagiliwa na takataka. Kiombeni kile kisahani. Ukikishika pembeni yake unaona tabaka zote kama keki, unapima unene kwa rula, unaona kama resini imeingia vizuri au kuna mapovu meupe katikati. Muuzaji anaweza kukwambia maneno yoyote lakini kisahani kile ni kipande cha boti yako mwenyewe. Cha tundu la nyuma kabisa kitakuwa na mbao katikati, hapo angalia ni plaiwudi ya majini au plaiwudi ya dari, ile ya dari inaanza kuachana ukiilaza usiku kwenye ndoo ya maji.

Pale nyuma mashine inapokaa ndo panakufa kwanza kwenye boti nyingi za faiba huku kwetu. Mashine ikishafungwa shika mguu wake kule chini usukume juu na chini kwa nguvu huku mwenzako ameweka macho kwenye ukingo, ule ukuta wa nyuma unaobeba mashine, ukiona faiba inapumua au inalia, simamisha malipo. Na urefu wa mguu wa mashine uandikwe kwenye proforma, mfupi ni inchi 15 na mrefu ni inchi 20, sasa boti iliyokatwa nyuma kwa inchi 15 ukaifunga mguu mrefu unaburuza maji, na kinyume chake propela inakamata hewa kwenye kila wimbi. Kuna kikundi kililetewa hivyo na muuzaji fulani, walikuwa wameshalipa zote, wakaambiwa "ndo mashine iliyopo". Walikuja kwangu nikawatengenezea ukingo upya, hela yao, wiki mbili hawavui. Inaniuma mpaka leo maana ilikuwa ni kupima kwa futi kamba dakika moja.

Namba ya mashine ipo kwenye kibati pale kwenye kibano, kwa Yamaha nyingi ni upande wa kushoto ukiangalia mbele ya boti. Piga picha, namba hiyo hiyo iandikwe kwenye risiti ya EFD na kwenye kadi ya waranti. Mashine za kuiga zipo sokoni na zimepakwa rangi vizuri sana, kwaiyo kabla ya kulipa awamu ya pili ipeleke namba kwa wakala wa kampuni yenyewe waiangalie. Waranti nayo msikubali ya mdomo, iandikwe miezi mingapi, fundi anakuja Kilwa au mashine inapelekwa Dar, na nauli nani analipa. Hapo kwenye nauli ndo waranti nyingi zinapofia.

Siku ya majaribio msikubali boti tupu na vijana wawili wa yadi wanaozunguka mbele ya ufukwe wakipiga picha. Pakieni watu wenu, boksi la barafu, madumu ya maji mfanye kama mzigo wa samaki. Fundi aje na kipimo cha mizunguko, mkiwa na mzigo wote na mmefungulia mafuta mpaka mwisho mashine inatakiwa ifike kwenye mizunguko iliyoandikwa kwenye kitabu chake. Hii ifanyike kwa muda mfupi tu maana mashine ni mpya. Ikishindwa kufika, propela ni nzito kwa boti hiyo, ibadilishwe kwa gharama yake kabla hamjatoa ile hela ya mwisho. Mtu anaweza kuona nakaza sana kwa propela tu, lakini hebu piga hesabu, hp 40 tustroki ukiibana mwisho inakula kama lita 20 kwa saa, propela isiyofaa ikakupotezea lita 3 tu kila safari, safari 20 kwa mwezi ni lita 60, tuseme petroli elfu 3 hiyo ni laki na elfu themanini. Haifiki miezi mitatu ile laki tano mliyopunguziwa imeisha baharini.

Kama boti hamuihitaji kesho asubuhi, kuna jambo la msimu pia. Watu wengi wa pwani wananunua vyombo karibu na kaskazi, kuanzia Septemba hivi mpaka Novemba, yadi zinajaa oda na hapo hakuna anayekubembeleza. Kusi likivuma, Mei mpaka Julai, yadi zimetulia, vijana wa faiba wanahitaji mshahara, mazungumzo yanakuwa laini sana. Mkiweka oda kipindi hicho boti inakuwa tayari kaskazi linapoanza.

Kuhusu kuileta. Kama ni kusi, lori, hapo hakuna mjadala, kutoka Dar kwenda kusini mawimbi yanawapiga usoni njia nzima na chombo hamjakizoea. Kama bahari imetulia inawezekana, lakini mashine mpya ina saa 10 za mwanzo za kuilainisha, mchanganyo wa oili unakuwa mzito kuliko kawaida kama kitabu kinavyosema na huruhusiwi kuibana mwisho muda mrefu, na Dar mpaka Kivinje ni safari ambayo lazima utashawishika kuibana ili ufike kabla ya giza. Mi ningeombea usafiri wa lori uingizwe kwenye bei kama sehemu ya mapatano, boti ifungwe kwenye matairi au magunia ya mchanga isikae kwenye vyuma, mashine iende imelazwa kwenye sanduku lake na isifungwe nyuma ya boti njia nzima, halafu zile saa 10 mzimalizie hapo hapo Kivinje mkiwa karibu na nyumbani. Ukipata proforma iliyochambuliwa nitumie, nitaipitia mstari kwa mstari kabla hamjaenda kukaa naye.