Mbwa wa jirani anayekwenda likizo: anza na kadi ya chanjo

Ndugu yangu wa Gungu, umeuliza uanzie wapi kabla ya kupokea mbwa wawili wa jirani anayekwenda likizo Dar. Mwombe kadi ya chanjo. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hurudiwa kila mwaka. Kama muda umepita, awapeleke kwa daktari wa mifugo kabla hajapanda treni. Usimwonee haya, una watoto nyumbani. Mbwa akimng'ata mtu, hata kwa mchezo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Chakula usibadilishe ghafla. Kama wamezoea ugali na dagaa, wape hivyohivyo, ila dagaa wasiwe wa chumvi, na mchuzi wenye vitunguu usiwamwagie kabisa: vitunguu vinaharibu damu ya mbwa. Siku ya kwanza wanaweza kugoma kula, wakalala getini macho barabarani. Mwenyewe aache shati alilolivaa, lisifuliwe; ile harufu inawatuliza sana.

Kama ni mbwa wa ulinzi, kwa maoni yangu wabaki kwao, wewe uwe unakwenda asubuhi na jioni.