Maswali ya Wasomaji: Bampa ya Nyuma ya Kufunga na Kuvua

SWALI: Ndugu Mhariri, ninalo gari aina ya Land Rover Defender 110 la mwaka 1997, ambalo hulitumia kwenda shambani na, mara chache, kwenye mbuga ya Ruaha. Nataka kujitengenezea bampa ya chuma ya nyuma, niivue ninapokuwa mjini na kuirudisha ninaposafiri. Fundi wangu anashauri tuichomelee moja kwa moja kwenye chesisi, kwa hoja kwamba kitu cha kuvuliwa hakiwezi kuwa imara. Mimi nafikiria pini mbili nene, ili kazi ya kuivua iishe kwa dakika 5. Ni nani kati yetu aliye sahihi? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Ndugu msomaji, nyote wawili mmekosea, na kosa la fundi wako ndilo la hatari zaidi. Katika Defender 110 ya aina nyingi, tangi la mafuta limekaa nyuma ya ekseli, katikati ya reli mbili za chesisi, karibu kabisa na krosimemba, yaani ule mhimili wa mwisho unaoziunganisha reli hizo. Kuchomelea mahali hapo bila kushusha tangi ni kucheza na moto kwa maana yake halisi. Isitoshe, joto huunguza rangi na mafuta yanayoukinga uso wa ndani wa chuma, mahali ambapo brashi yako haitafika tena, na krosimemba ya magari haya inajulikana kwa kuliwa na kutu kuanzia ndani. Bampa inayovuliwa itakupa walau nafasi ya kuikagua kila mwaka.

Pini nazo zina kasoro ambayo huonekana baada ya safari chache tu. Ili pini iingie kwa mkono, lazima tundu liizidi kidogo, na upenyo huo mdogo, gari linapopita kwenye barabara ya vumbi yenye matuta ya mawimbi, hugeuka kuwa mgongano usiokoma kati ya chuma na chuma, hadi tundu lililokuwa la mviringo linachukua umbo la yai. Bolti haifanyi kazi kwa namna hiyo. Bolti ya M12 (yaani ya kipenyo cha milimita 12) yenye namba 8.8 kichwani, ambayo ni daraja la uimara wake, ikikazwa kwa takriban nyutonimita 80 (kipimo cha nguvu ya kukaza) uzi wake ukiwa mkavu, hubana vyuma viwili kwa nguvu inayozidi uzito wa tani 3, na msuguano unaotokana na kubanwa huko ndio unaoishika bampa. Ukiupaka uzi grisi, punguza nguvu ya kukaza, kwa kuwa bolti iliyopakwa grisi huvutika zaidi kwa mkazo uleule. Usiweke mpira wala rangi nene kati ya nyuso zinazobanwa, kwa sababu vitu hivyo husinyaa na bolti hulegea. Bolti nne kila upande zitakugharimu nusu saa badala ya dakika 5, na kwa maoni yangu nusu saa si bei kubwa.

Kabla ya yote hayo, igonge krosimemba kwa nyundo ndogo toka upande mmoja hadi mwingine. Chuma kizima hulia, kilicholiwa hudunda. Ikidunda, ahirisha bampa na utengeneze chesisi kwanza.

Krosimemba ikiwa nzima, pima matundu kwa kutumia ubao wa plaiwudi, kisha toboa plati mbili za unene wa milimita 8 kwa kufuata ubao huo. Hapa ndipo kazi nyingi za nyumbani huharibika: chuma kinapochomelewa hujikunja kinapopoa, na bampa iliyokaa vizuri siku ya kwanza hukataa kuingia siku ya pili. Dawa yake ni kutoboa matundu yaleyale kwenye kipande cha engo nene, yaani chuma cha umbo la L, kuzifunga plati humo kwa bolti, na kuchomelea bampa yote chini, mbali na gari, ukibadilisha pande baada ya kila mshono mfupi, na usizifungue plati hadi chuma kipoe chenyewe bila kumwagiwa maji. Pale ambapo bolti inapita katikati ya sanduku la chesisi, yaani chuma chake kilicho na uwazi ndani, ingiza ndani kibomba kigumu chenye urefu sawa na upana wa sanduku, la sivyo kukaza kutaliminya sanduku lenyewe.

Kwa mwili wa bampa, bomba la pembe nne la milimita 100 kwa 50, lenye unene wa milimita 4, linatosha. Lina uzito wa takriban kilo 9 kwa mita. Wengi hupenda kuongeza unene, lakini fikiria mizani: kilo 40 zilizowekwa mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma, kwenye gari ambalo ekseli zake zimeachana kwa mita 2.79, huiongezea ekseli hiyo kilo 54 na kuipunguzia ile ya mbele kilo 14. Kwa sababu hiyo, tairi la akiba libaki mlangoni kwa sasa, lisihamishiwe kwenye bampa.

Kuhusu kuvutwa ukikwama, usifunge kamba kwenye bampa hii. Kamba ifungwe kwenye sehemu za kuvutia zilizoshikamana na reli za chesisi.

SWALI: Je, naweza kutumia bomba la maji lenye zinki ambalo tayari ninalo nyumbani? (Msomaji, Nanyuki)

JIBU: Ningekushauri uliache. Bomba la duara huteleza juu ya jeki unapoliinua gari kwa bampa, na zinki ikiungua hutoa moshi unaoleta homa na baridi kali saa chache baadaye, mara nyingi usiku uleule. Mafundi wengi hunywa maziwa kama kinga, lakini maziwa huenda tumboni, nao moshi huingia kifuani. Ukilazimika kulitumia, saga zinki yote kwa grenda, sentimita 5 kila upande wa mshono, ukiwa umevaa barakoa inayofaa, uchomelee nje penye upepo, na utoboe tundu dogo upande wa chini ili maji yasituame ndani.