Mguu Wangu Haukuwa Mvivu

Juzi msomaji mmoja wa Ahero aliniandikia: "Dada, plasta imetolewa wiki mbili sasa na wayo umelala tu, hauinuki. Mume wangu anasema najidekeza. Wewe ulifanyaje?"

Ujumbe huo ulinikuta kwenye cherehani pale Kibuye, nikimalizia sare ya 42 kati ya 50 za kufungulia shule. Nikalia, mkasi mkononi. Sare 42, kwa cherehani ya kukanyaga, kwa mguu huu huu! Niacheni nijisifu kidogo. Miaka miwili iliyopita hakuna aliyeniamini hata na kazi ya kutia kifungo.

Nilianguka na boda boda karibu na Kondele, mguu wa kulia ukavunjika. Nikafungwa plasta iliyoishia chini kidogo ya goti. Usiku ule ule ikaanza kunibana upande wa nje, ganzi ikapanda mgongo wa wayo. Kulipokucha nikarudishwa hospitali, nikasema imebana. Kijana aliyekuwa zamu hakuinua hata macho. "Mama, umevunjika mguu, ulitarajia nini?" Nikaona haya, nikarudi nyumbani. Watu huniuliza kama nimemsamehe. Niulizeni tena mwaka ujao.

Wiki za plasta sina la kuzisimulia. Ilipokatwa, picha ilionyesha mfupa umeunga vizuri, lakini wayo ulining'inia kama mkono wa shati kwenye kamba. Nikitembea vidole vinaburura, hivyo nikawa nanyanyua goti juu sana, kama mtu anayevuka tope. Watoto wa ploti wakaniiga. Mama mkwe akasema nimezoea kuletewa chakula kitandani. Nikapelekwa kwa mzee wa kuchua, akaniminya mpaka nikaona nyota, na wayo ukabaki pale pale. Siku moja kaa la moto likadondoka kutoka kwenye pasi likatua juu ya wayo, na mimi nikasikia harufu kabla ya kusikia maumivu. Kovu ninalo mpaka leo.

Kilichonifungua macho ni cherehani yenyewe. Wenzangu mafundi mnajua pedali haitaki nguvu, inataka zamu: vidole vinashuka, kisigino kinashuka. Mimi nikikanyaga, vidole vilishuka vizuri kabisa. Kurudi juu, hakuna. Gurudumu linageuka kinyume, uzi unakatika. Nikajiuliza, mguu ulio mvivu unawezaje kuwa mvivu upande mmoja tu?

Swali hilo nilienda nalo kwa fizio, mtaalamu wa kurudisha viungo kazini kwa mazoezi, msichana ambaye ningeweza kumzaa. Alinigonga chini ya goti kwa kinyundo cha mpira, mguu ukaruka wenyewe. Akanieleza kwamba habari ya pigo lile huenda hadi kwenye uti wa mgongo na kurudi na amri bila kusubiri ubongo, kwa hiyo njia ile ilikuwa nzima. Kisha akaniambia nikaze kisigino sakafuni niinue kidole gumba. Nikajitahidi mpaka jasho likanitoka. Hakikutikisika.

"Mama," akasema, "hii misuli haina ugonjwa. Haijapata habari."

Nikamwomba anichoree kwenye karatasi yangu ya kukatia nguo. Amri ya kuinua wayo wa kulia huanzia upande wa kushoto wa ubongo, ikashuka ndani ya uti wa mgongo, na huko chini ikapokewa na neva, yaani mshipa wa fahamu, inayoelekea mguuni. Uzi mmoja wa neva hiyo ni seli moja tu, na unaweza kukaribia urefu wa mita moja! Ukifika kwenye misuli haugusi. Panabaki mwanya mdogo mno, na neva inamwaga kemikali iitwayo asetilikolini ivuke, ndipo misuli ijikunje. Kujikunja ndiyo kazi pekee misuli inayoijua. Kuvuta tu, kusukuma haiwezi. Ndiyo sababu inafanya kazi kwa jozi: shavu la mguu likivuta, vidole vinashuka, misuli ya mbele, kwenye muundi, ikivuta, wayo unainuka, na mmoja akivuta sharti mwenzake alegee. Pedali yangu ilikuwa imebaki na mfanyakazi mmoja.

Sasa papasa upande wa nje wa mguu wako, chini kidogo ya goti. Unasikia kinundu cha mfupa? Neva ya kuinua wayo inazungukia hapo hapo, juu ya mfupa, chini ya ngozi, bila nyama ya kuikinga. Ukingo wa plasta yangu ulikaa juu yake wiki zote zile.

Fizio akaniambia neva iliyokatika uzi ndani huota takriban milimita moja kwa siku. Nilipofika nyumbani nikachukua futi ya kupimia, kutoka kwenye kinundu hadi vidoleni, nikahesabu siku. Nilizima taa mapema usiku huo.

Ufundi nao uliniponza. Nilijishonea mkanda wa lastiki wa kuinua wayo, kutoka kwenye kamba za kiatu hadi chini ya goti, nikaenda kumwonyesha fizio kwa majivuno. Akaufungua haraka. Nilikuwa nimeufunga juu ya neva ile ile! Tukauhamishia juu ya kifundo cha mguu, na huo ndio nilioutembelea miezi yote.

Mazoezi yangu? Kila asubuhi leso chini ya wayo, navuta kuelekea kwangu ili shavu la mguu lisifupike. Halafu najaribu kuinua wayo, hata usipoinuka. Jioni, leso tena, kujaribu tena. Ni hayo tu, dada zangu, na mwezi wa tano muundi ukacheza kama kope la jicho. Nikapiga kelele jirani akadhani nimeona nyoka.

Wanawake tumefundishwa kuvumilia hata pasipostahili uvumilivu. Plasta ikibana, vidole vikifa ganzi, vikipoa, au vikikataa kuinuka, rudi siku hiyo hiyo. Ukijibiwa vibaya, usiondoke, keti pale. Piga kelele, uitwe mkorofi. Mimi niliitwa mwenye adabu, nikapoteza karibu mwaka mzima. Na nyinyi wanaume mnaosema mke anajidekeza, mwekeeni mkono kwenye muundi mmwambie ainue wayo. Muone wenyewe kama kuna kinachokaza.

Dada wa Ahero, hukunieleza jambo moja. Ukikaza kisigino sakafuni, kidole gumba kinainuka, hata kidogo kama unene wa kifungo? Jaribu sasa hivi. Kiinuke kisiinuke, kesho asubuhi nenda kwa daktari, umwambie akupime neva, na mume wako mwende naye. Halafu uniandikie nani alikupima na alisema nini. Mimi nimebakiza sare nane.