Kifundo cha mguu kinachoteguka tena na tena

Ndugu yangu, umesema uliteguka kifundo cha mguu mpirani, eksirei ikaonyesha kwamba mifupa iko salama na uvimbe ukaisha, lakini hadi leo kinauma unaposhuka ngazi na kinapinduka hata kwenye njia tambarare. Nami nimeishi na tatizo hilo tangu nilipokuwa nikicheza, na sasa naliona kila msimu kwa wanafunzi ninaowasimamia michezoni.

Mguu unapopindukia ndani, kano za upande wa nje zinazofunga mfupa kwa mfupa huvutika au huchanika, hasa ile ya mbele. Pamoja nazo huathirika mishipa midogo ya fahamu inayoujulisha ubongo jinsi unyayo ulivyokaa, na hapo ndipo wengi wanapoishia njiani, kwa sababu uvimbe hupungua wenyewe ilhali uwezo wa mguu kujisawazisha mara nyingi haurudi vizuri bila mazoezi.

Zoezi lililonifaa kuliko yote ni kusimama kwa mguu ulioumia wakati wa kupiga mswaki. Anza ukiwa umeshika ukuta. Ukiweza kutulia kwa nusu dakika, achia, na baadaye fumba macho, nawe utaona kifundo kinavyotetemeka na vidole vinavyong'ang'ania sakafu. Mtetemeko huo ndio kazi yenyewe. Ongeza kuinuka juu ya vidole na kushuka polepole, ukiendelea hivyo kwa majuma kadhaa. Maumivu madogo yanayotulia upesi yanavumilika, ila yakizidi kesho yake, punguza.

Kuhusu kuchuliwa kwa nguvu na kukandwa kwa maji ya moto siku ileile ya kuumia, jambo ambalo kila mtaa una bingwa wake, siliungi mkono hata kidogo, kwani huweza kuongeza uvimbe. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kwa dakika 15 hivi, hutuliza maumivu.

Ukiteguka upya, vigezo vilivyochapishwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka 1992 vinasaidia: nenda ukapigwe picha ikiwa huwezi kupiga hatua 4, au ikiwa mfupa wa kifundo, wa ndani au wa nje, unauma unapobonyezwa nchani au kwenye ukingo wake wa nyuma. Kifundo kinachovimba ghafla bila kuumia, kikawa chekundu na chenye joto, huenda kina jongo au maambukizi. Hicho kipeleke kwa daktari siku hiyohiyo, wala usikifanyie mazoezi.