Re: Kususia kununua kunasaidia kweli?

Ndugu yangu wa Wete, umeuliza kususia biashara kunaleta nini, ikiwa wa mwanzo kuumia ni mnyonge. Angalia karafuu zetu. Mwaka 1937 wafanyabiashara wa Kihindi hapa Unguja walizisusia, kupinga sheria ya mkoloni iliyowabana kwenye biashara hiyo, na Congress, chama kilichopigania uhuru wa India, ikaunga mkono kule kwao. Soko likayumba, na 1938 serikali ikakubali suluhu. Port Elizabeth, Afrika Kusini, 1985, watu weusi waliacha kununua kwenye maduka ya wazungu, na wenye maduka wenyewe wakaenda kuisukuma serikali. Hapo ndipo penyewe: mbaneni anayesikilizwa na wakubwa. Lakini kwanza pangeni nani atauza mchele na unga mtaani kwa bei ile ile. Mama mwenye watoto akikosa, atarudi kule kule, wala si wa kulaumiwa.