Mgeni Asile Saa Tano Usiku

Shangazi wa bwana harusi alitoka Moshi kwa basi la alfajiri, akafika Dar es Salaam alasiri, akaoga na kubadilisha nguo kwa ndugu, akaletwa ukumbini saa kumi na mbili na nusu jioni kama kadi ilivyoelekeza. Mimi nilikuwa katibu wa kamati. Saa nne na nusu usiku nilipopita mezani kwake kumwomba radhi, alinishika mkono akasema, "Usihangaike mwanangu, nimekula ndizi nilizonunua Korogwe."

Chakula kilitoka saa tano na dakika kumi. Ilikuwa mwaka 2013. Tangu usiku ule nimekaa kwenye kamati nyingine nane, za harusi, sendofu na harambee, na katika zote nimekuwa nikiuliza jambo moja: huyu mgeni, tangu afunge mlango wa nyumba yake mpaka arudi kuufungua, njaa itamshika saa ngapi, atasimama wapi, na usiku atarudi na nani?

Kosa la usiku ule halikuwa la mpishi. Wali ulikuwa umeiva tangu saa moja. Tatizo lilikuwa ratiba. Ibada ilikwisha saa kumi, maharusi wakaenda kupiga picha, wakakutana na foleni, bibi harusi akapitia saluni kubadilisha gauni. Waliingia ukumbini saa tatu. Ikafuata shampeni, ikafuata keki, kisha utambulisho wa koo mbili ambapo kila aliyetambulishwa alitaka kumtambulisha mwenzake. Halafu zawadi. Watu mia tatu wakipita mbele kwa vikundi, wakicheza, wakikumbatiana, wakipiga picha na maharusi, hiyo ni saa nzima na zaidi. Chakula tulikiweka baada ya hayo yote kwa sababu tulidhani wageni wakishakula wataondoka bila kutoa zawadi. Nasema bila kuficha: dhana hiyo ni dharau kwa watu waliochanga.

Siku hizi nikikabidhiwa ratiba, chakula nakiweka saa mbili na nusu, na naizingira kwa wino mwekundu. Maharusi wakichelewa, wageni wanapata supu na sambusa mezani, na emsii anaruhusiwa kuanza utambulisho wa wazazi bila kuwasubiri. Utambulisho tunauandika kwenye karatasi: kila upande watu kumi, wengine wanasimama kwa pamoja na kupungiwa mkono. Zawadi zinakuja baada ya kula, watu wakiwa na nguvu ya kucheza. Hakuna aliyewahi kukimbia. Kama ni harusi ya Wachaga na kuna ndafu, mbuzi yule aletwe mapema pamoja na keki, akatwe na kugawiwa, maana nyama ikikaa mpaka usiku wa manane inakuwa baridi na hamu imeshakwisha.

Nimejifunza pia kwa majirani zangu wa Tanga. Nikaha ikishafungwa, mikeka inatandikwa, masinia ya pilau yanatoka, watu wanakula kwa kuzunguka sinia, na kabla ya alasiri kila mtu ameshiba na ameaga kwa furaha. Sijawahi kumsikia mtu akilalamikia walima wa namna ile.

Sasa pesa, maana hapa ndipo urafiki mwingi unapovunjikia.

Kamati zetu zinapenda kupanga kwa ahadi. Mtu anasimama kikaoni, anasema laki mbili, watu wanapiga makofi, katibu anaandika. Ahadi ile inaingia kwenye bajeti kana kwamba imeshalipwa. Kwenye harusi moja nikiwa mweka hazina tulikuwa na ahadi za shilingi 17,500,000 na bajeti ya 16,000,000, tukajiona tuna ziada. Wiki ya mwisho mkononi tulikuwa na 11,200,000. Mwenyekiti alikopa ili kumalizia ukumbi, na deni lile lilimtesa muda mrefu baada ya maharusi kurudi kutoka fungate. Wengi hawakudanganya. Ada za watoto zilifika, mzazi aliugua, mshahara ulichelewa. Ahadi ni nia njema tu, na wenye ukumbi hawapokei nia njema.

Kwa hiyo napanga kwa kilichopo mkononi. Bajeti naigawa mafungu matatu na kuyalipa kwa mfuatano bila kuruka. La kwanza ni ukumbi, chakula, vinywaji na usafiri. La pili ni mapambo, muziki na mpiga picha. La tatu ni matarumbeta, keki ya ngazi nyingi na gari la kukodi la maharusi. Fungu la tatu haliguswi mpaka la kwanza limelipwa lote. Nimeshagombana na mama wa bibi harusi kwa ajili ya maua, tukaja kupatana. Mama, nilimwambia, maua yakipungua watu wataona ukumbi. Chakula kikipungua watakuona wewe.

Namba ya simu ya kupokea michango iwe moja, na isiwe ile mnayotumia kwa mambo ya nyumbani. Kila Jumapili jioni mweka hazina aweke kwenye kundi la WhatsApp orodha ya waliolipa na jumla iliyopo. Orodha ya wasiolipa isiwekwe hadharani kamwe. Nimeona mtu akiondoka kwenye kundi, na kwenye ukoo, kwa sababu jina lake lilibandikwa na neno "bado" wakati amelaza mtoto hospitalini. Kumkumbusha mtu ni kazi ya kumpigia, na kuanza kwa salamu.

Idadi ya kadi si idadi ya wageni. Kadi 200 ambazo 120 kati yake ni dabo ni wageni 320, bado hujahesabu wapiga muziki, madereva na vijana wa mapokezi, ambao nao wanakula. Mimi kilo moja ya mchele naihesabia watu wanane wa pilau. Soda, chupa mbili kwa kila mgeni: kreti ina 24, kwa hiyo wageni 300 ni kreti 25. Mkubaliane na muuzaji kwamba kreti zisizofunguliwa atazirudisha, na makubaliano hayo yaandikwe. Usafiri wa kurudi ulipwe kabla ya sherehe, na dereva awe mlangoni dakika thelathini kabla ya ukumbi kufungwa.

Matembezi ya kula ni mepesi zaidi, ila nayo yanataka mpango. Tulikwenda Forodhani, Unguja, watu kumi na mmoja. Tulifika kabla ya magharibi, vijana wakiwa bado wanajirusha baharini kutoka ukutani, na meza za wapishi zikianza kuwashwa taa. Tulichanga sawa kabla ya kuondoka, mmoja wetu akashika fedha na kulipa kila mahali, na hatukuruhusu mtu kununua sahani nzima peke yake. Bakuli la urojo watu wawili, mishkaki michache, juisi ya miwa, kisha tunasogea. Ulizeni bei kabla ya samaki kuwekwa kwenye sahani, na anayefunga au asiyekula pweza ajulikane mapema. Basi. Mengine acheni upepo wa bahari uyapange.

Harambee inanigusa kuliko zote, kwa kuwa fedha ya mtu inakwenda kwa mtoto asiyemjua. Tulichangia madawati ya shule ya msingi ya kijijini kwetu, watoto walikuwa wanaandika wakiwa wamekaa chini. Tulianza kwa kamati ya shule na ofisi ya mtendaji wa kata, tukapata barua, ndipo tukaalika watu. Fundi alitupa bei ya maandishi: shilingi 85,000 kwa dawati la watoto watatu. Tukaacha kuomba pesa, tukaomba madawati. Mama mmoja muuza mihogo alisema, "Nusu dawati ni langu," na papo hapo jirani yake akalimalizia. Chai, viti na spika tulilipia wenyewe wanakamati, ili tuweze kusema kwa kinywa kipana kwamba kila shilingi iliyotolewa pale imekwenda kwa fundi.

Madawati yalipofika tuliwatumia wachangiaji wote picha na risiti, hata yule wa nusu dawati. Na iwe harusi au harambee, kikao cha kuvunja kamati kiitishwe ndani ya wiki mbili, mahesabu yasomwe mstari kwa mstari, na kilichobaki, hata kama ni elfu kumi na mbili, kikabidhiwe kwa mwenyewe mbele ya watu wote.