Makaye (madaftari): kugawa sawa au kulingana na kazi?
Mwalimu, hao watoto wako wa Katindo, hapa Goma, waliogombania makaye ya zawadi baada ya kufagia: angalia umri kwanza, jinsia baadaye. Wa miaka 3 au 4 mara nyingi hujivutia tu. Wa 7 au 8 anataka sawa kwa sawa. Kupima nani alifanya kazi zaidi kunapata nguvu polepole kuanzia miaka 11 hadi 18. Utafiti wa Norway uliotoka 2010 ulionyesha hilo la mwisho. Ndiyo maana ukigawa kulingana na kazi mbele ya kundi la umri mchanganyiko, wadogo wataona umewaibia. Tenganisha umri, na utangaze kanuni kabla ya kufagia, si makaye yakiwa tayari mezani.

Kukataa kupunjwa kunaonekana mapema karibu kila mahali. Kukataa kupewa kumzidi mwenzako ni kugumu zaidi: kati ya nchi 7 zilizolinganishwa katika utafiti uliotoka 2015, kulionekana katika 3 tu, Uganda jirani yetu ikiwemo.

Wavulana wakikua hukubali zaidi mgawo usio sawa ikiwa jumla inaongezeka. Wasichana hukubali hivyo kidogo kuliko wavulana. Ni wastani tu, usimkabidhi msichana kugawa eti kwa sababu ni msichana.